Mauzo yangu yote yamo kwenye laini ya shemeji: nifanyeje?

Mama Dagaa, Mwanza
Habari zenu, ndugu zangu. Ninauza dagaa katika soko la Kirumba, na tangu nilipoanza kupiga picha za magunia na kuzituma WhatsApp nimepata wateja hadi Dar es Salaam, ambao hulipa kwa simu kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi. Tatizo ni kwamba laini ninayopokelea fedha ilisajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji yangu, kwa kuwa wakati ule namba yangu ya NIDA ilikuwa haijatoka. Juzi niliomba mkopo benki ili nitengeneze vichanja vya kuanikia. Afisa aliisoma taarifa ya miamala, akaigeuza karatasi upande wangu na kuweka kidole kwenye jina: kwa maandishi yale mfanyabiashara ni shemeji, si mimi. Imeniuma sana. Nitajinasuaje bila kupoteza wateja wala kuvunja undugu?

Wakala wa Igoma
Pole sana, dada yangu. Wanawake wenye shida hii hufika kibandani kwangu mara kwa mara. Sajili laini yako kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Si lazima uwe na kadi yenyewe. Kisha piga *106# uhakikishe usajili, ndipo uombe Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya wateja, kwa jina la biashara yako. Laini ya zamani usiiache ghafla. Kila mteja mtumie ujumbe wa sauti, kwa sauti anayoifahamu, ukimweleza kwamba jina litakalotokea kabla hajathibitisha malipo limebadilika, maana mteja wa mbali akiona jina geni huhofia kutapeliwa, na hana kosa.

Mwenye Genge, Morogoro
Mama, wakati miamala yako inajijenga upya, usikimbilie programu za mikopo ya simu. Mwaka 2023 nilikopa humo, nikachelewa siku nne tu. Wakawatumia watu waliomo kwenye simu yangu, hata mchungaji wangu, ujumbe kwamba mimi ni tapeli. Hadi leo wapo wateja ambao hawajarudi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, kwa hiyo ulizia leseni kabla ya kukubali masharti. Ukiwa na kikundi, ulizia pia mkopo wa halmashauri usio na riba: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa, asilimia 4 ni ya wanawake.

Mama Dagaa, Mwanza
Asanteni kwa moyo wote. Leo nimesajili, na *106# imeleta jina langu. Shemeji nimemweleza mwenyewe, naye amekubali kunisindikiza kuchukua taarifa ya miamala ya nyuma, kwa sababu anayeweza kuiomba ni yeye. Je, akiniandikia na barua ya kuthibitisha kwamba mauzo yale yalikuwa yangu, benki wataipokea?

Wakala wa Igoma
Ipeleke, dada, pamoja na risiti za mabasi ulizosafirishia mizigo, kwani hizo zina jina lako.