Kwelea kwelea wamelala kwenye matete Bahi: tunanusuruje ndege wengine?

Mjumbe_Mazingira
Wakuu, salaam. Kundi kubwa la kwelea kwelea linalala kwenye matete ya bwawa la Bahi, Dodoma, upande unakoingia Mto Bubu, na punje za mtama ndiyo kwanza zina maziwa, hazijakauka. Wakulima wanataka ndege ya kupulizia iitwe haraka. Humo humo wanalala yangeyange na korongo. Kamati yetu idai nini kabla ya sumu? Sheria ndogo inasaidia?

Kiuatilifu_Dom
Wakulima wana haki ya kulia. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo milioni moja wanamaliza tani 10. Lakini fenthioni, sumu inayopuliziwa kwelea, haichagui ndege.

Daini ukaguzi wa jioni, kuanzia saa 11 hadi giza liingie: kwelea wanatua wapi, yangeyange wapi. Wakiwa wamechanganyika, au matete yamesimama majini, msikubali papuliziwe. Kazi hufanyika machweo kwelea wakishatulia. Upepo ukielekea majini au kwenye nyumba, iahirishwe, maana matone ni madogo mno na husafiri mbali.

Kinachosahaulika ni asubuhi yake. Sumu hii hushika mishipa ya fahamu, na si wote wanaokufa palepale. Wengine huruka wakaangukie mbali wakitapatapa, na mwewe au bundi haachi kitoweo rahisi hivyo. Ukimkuta mwewe chini, mabawa yamelegea na vidole vimekunjwa kama ngumi, ujue amekula kwelea wa sumu. Watu wenye glavu na buti waingie alfajiri, waokote mizoga, wafukie shimo refu mbali na maji. Mbwa wafungwe. Na asile mtu hata mmoja! Huku kwetu kwelea ni mboga, kwa hiyo litangazwe kitongoji kwa kitongoji.

Mtama_Mweupe
Kundi likiwa dogo, anzeni na nyavu. Kondoa wanaijua kazi hiyo. Muoneni kwanza afisa wanyamapori wa wilaya. Wavu utegwe kwenye njia yao ya jioni, usimamiwe muda wote, bundi akinasa aachiwe papo hapo, na ushushwe kazi ikiisha. Wavu ulioachwa usiku kucha unaua kila kinachopita.

Kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, nako kusilegee asubuhi na jioni hadi punje ikauke. Msimu ujao pandeni kwa pamoja; shamba lililotangulia kukomaa ndilo linaloshambuliwa lote.

Mwanasheria_Kata
Sheria ndogo haitawahi msimu huu. Chini ya Sura ya 287, yaani Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Ianzeni sasa, iguse ukataji na uchomaji wa matete. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, tayari inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa.

Kwa sasa andikeni barua kwa mkurugenzi, nakala kwa afisa kilimo na afisa wanyamapori, mkiambatanisha ramani ya ule ukaguzi. Tajeni AEWA, mkataba wa ndege wa majini wanaohama. Tanzania ni mwanachama, na korongo weupe wanaokuja kutoka Ulaya wamo.

Mjumbe_Mazingira
Ramani tunaianza jioni ya leo. Nani anatoa glavu, kijiji au wanaopulizia?

Kiuatilifu_Dom
Wanaopulizia. Iandikwe kwenye muhtasari kabla ndege haijaruka.