Katiba mchanganyiko: je, Zama za Kati zilimsoma Polybius?

Mwandani_wa_Vitabu:

Habari wakuu. Naandika insha ya historia ya fikra za siasa, kuanzia Wagiriki mpaka karne ya 14. Mada ni katiba mchanganyiko, yaani lile wazo kwamba dola husimama imara pale mtu mmoja, wachache na wengi wanapogawana madaraka. Mpangilio wangu ni huu: Aristotle anaasisi, Polybius anaboresha, Cicero anapokea, Augustino anakosoa, Thoma wa Akwino anafufua, Marsilius wa Padua anahitimisha.

Msimamizi kairudisha rasimu. Kapiga mshale kwenye jina la Polybius na kuandika pembeni: "Nani alimsoma?"

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kitabu gani kilikuwa mikononi mwa nani, na lini? Aristotle na Polybius wanatofautiana wapi hasa, maana mimi naona wanasema jambo moja? Na Al-Farabi na Ibn Rushd niwaweke wapi?

Kinubi:

Msimamizi wako yuko sawa, na swali lake halimgusi Polybius peke yake.

Tuanze naye huyo huyo. Mgiriki wa Megalopolis, alikuwa miongoni mwa Waakea 1,000 waliopelekwa Italia kama mateka baada ya vita vya Pydna, 168 KK. Historia yake ilikuwa na vitabu 40. Vilivyotufikia vizima ni vitano vya mwanzo tu. Kitabu cha sita, ambacho ndicho chenye nadharia ya katiba, tunacho kwa vipande vilivyonukuliwa na wakusanyaji wa Kigiriki. Ulaya ya Kilatini haikuwa nacho kabisa katika Zama za Kati. Kilianza kujulikana Italia mwanzoni mwa karne ya 16, na ndiyo maana unamkuta ndani ya Machiavelli lakini humkuti kwa Thoma. Kwa hiyo ukiandika kwamba Thoma "anamfufua" Polybius, umempa kitabu ambacho hakuwahi kukishika.

Cicero naye ana mkasa wake. *De re publica* aliiandika kati ya 54 na 51 KK, na humo utawala bora ni ule unaochanganya mfalme, walio bora na umma. Augustino aliisoma moja kwa moja. Baadaye ikapotea. Kilichobaki ni ndoto ya Scipio ya mwishoni, iliyookolewa na ufafanuzi wa Macrobius, pamoja na nukuu za hapa na pale kwa Augustino na Lactantius. Sehemu kubwa tuliyonayo leo ilionekana mwaka 1819, Angelo Mai alipogundua katika maktaba ya Vatikani ngozi iliyofutwa maandishi ya Cicero na kuandikwa juu yake ufafanuzi wa Augustino kuhusu Zaburi. Ilichapishwa 1822. Thoma alifariki 1274, hesabu mwenyewe.

Na Augustino hakukosoa mchanganyiko. Angalia *Mji wa Mungu*, II.21 na XIX.21. Anachokamata ni tafsiri ya Cicero kwamba jamhuri ni mali ya umma, na umma ni watu waliounganishwa na makubaliano juu ya haki. Augustino anajibu: pasipo haki ya kweli hapana umma, basi Roma haikuwahi kuwa jamhuri. Kisha katika XIX.24 anatoa tafsiri nyepesi zaidi: umma ni watu wanaokubaliana juu ya vitu wanavyovipenda. Hoja iko kwenye haki na mapenzi, wala si kwenye nani anamdhibiti nani. Ukimwita mkosoaji wa katiba mchanganyiko, utaulizwa ukurasa, na hutaupata.

Kiungo chenye nguvu ni Aristotle, lakini naye kachelewa. *Siasa* yake iliingia Kilatini kwa mkono wa William wa Moerbeke, Mdominiko wa Flandria: kwanza tafsiri pungufu inayokatika ndani ya kitabu cha pili, halafu kamili, karibu na 1260. Kabla ya hapo, mwandishi wa Kilatini anayesema "Aristotle kasema katika Siasa" alikuwa amelisikia jina tu.

Mtego mmoja zaidi, huu unawakamata hata waliobobea. Ufafanuzi wa *Siasa* unaochapishwa kwa jina la Thoma ni wake mpaka kitabu cha tatu, sura ya 6 tu. Kuanzia hapo mwandishi ni Peter wa Auvergne. Ukitaka kunukuu "Thoma juu ya kitabu cha nne", unamnukuu Peter. Kosa hilo hilo lipo kwenye kitabu cha Thoma kuhusu ufalme: katikati ya sehemu ya pili kalamu inabadilika, na anayeendelea ni Tolomeo wa Lucca, ambaye kwa ufalme ana maoni tofauti kabisa. Thoma pale anausifu. Tolomeo anauweka karibu na utawala wa bwana juu ya watumwa, na sifa zake anazipeleka kwa Roma ya makonsuli, wale watawala wawili waliochaguliwa kila mwaka. Wanafunzi wengi wamemfanya Thoma ajipinge mwenyewe kwa sababu hiyo tu.

Mzee_wa_Baraza:

Kinubi kamaliza habari za vitabu. Mimi nichukue swali la pili, maana hapo ndipo insha nyingi za mada hii zinapoharibika.

Aristotle ana orodha ya tawala sita (1279a–b, ndizo namba za Bekker zinazotumika kumnukuu): ufalme, aristokrasia (utawala wa walio bora) na politia (utawala wa wengi kwa manufaa ya wote) upande mzuri, udhalimu, oligakia na demokrasia upande uliopotoka. Kipimo ni kama watawala wanatafuta manufaa ya wote au yao wenyewe. Lakini mara tu baada ya kuitoa, anaitia dosari mwenyewe: oligakia ni utawala wa wenye mali, demokrasia ni utawala wa wasio nacho, na idadi imetokea tu kwa sababu matajiri popote ni wachache. Ukiruka mistari hiyo hutaelewa kitabu cha nne.

Kitabu cha nne (1294a–b) kinasema politia ni mchanganyiko wa oligakia na demokrasia. Ni viungo *viwili*, na vyote ni matabaka. Anatoa njia tatu za kuchanganya. Ya kwanza: chukua sheria za pande zote mbili. Oligakia humtoza faini tajiri asiyekwenda kuketi mahakamani na haimlipi maskini anayekwenda. Demokrasia humlipa maskini na haimtozi tajiri. Weka faini na malipo kwa pamoja, wote watakuja. Ya pili: tafuta katikati. Kama upande mmoja unadai mali nyingi ndipo uingie bungeni na mwingine haudai kitu, weka kiwango cha wastani. Ya tatu: chukua kipande huku na kipande kule. Kuwapata viongozi kwa uchaguzi ni desturi ya oligakia, kuwapata kwa bahati nasibu ni ya demokrasia. Basi chagua kwa uchaguzi, lakini usiweke sharti la mali.

Linaloshikilia yote haya ni watu wa kipato cha kati (1295b). Wao si wa kudharau wala si wa kunyenyekea. Wakiwa wengi kuliko pande zote mbili, au angalau kuliko mojawapo, dola haipinduki.

Polybius ana kitu kingine kabisa. Kwake viungo ni *vitatu*, tena ni vyombo vya dola: makonsuli, Seneti, umma. Havikai kwa sababu ya watu wa kati. Vinakaa kwa sababu kila kimoja kinaweza kumkwamisha mwenzake. Soma VI.15 mpaka 17 polepole. Konsuli yuko vitani akiwa na mamlaka yanayofanana na ya mfalme, lakini nafaka, nguo na mishahara ya askari haviendi bila azimio la Seneti. Seneti ndiyo inayoamua kama mwaka ukiisha ataongezewa muda au ataletewa mrithi, na ndiyo inayotoa fedha za maandamano ya ushindi. Umma nao ndio unaothibitisha au kuvunja mkataba wa amani, na konsuli akitoka madarakani hutoa hesabu kwao. Seneti? Tribuni (mtetezi wa umma) mmoja tu akipinga, azimio linakwama. Na umma hauwezi kuinua mabega, kwa sababu zabuni za ujenzi na ukusanyaji wa mapato ya bandari, migodi na mashamba zimewaajiri watu wengi, na Seneti ndiyo yenye uwezo wa kumwongezea mzabuni muda au kumpunguzia deni mambo yakiharibika. Majaji wa kesi nyingi kubwa pia wanatoka Seneti.

Kifungu hicho cha zabuni hunukuliwa mara chache, nami nakiona ndicho bora kuliko vyote. Polybius hasemi watu wanaitii Seneti kwa heshima. Anasema wanaitii kwa sababu wana mikataba.

Pia usiandike kwamba kwake mchanganyiko ni tiba ya milele. Mzunguko wake (ufalme, udhalimu, aristokrasia, oligakia, demokrasia, utawala wa umati wenye ghasia, kisha mtu mmoja tena) unapunguzwa kasi tu. Katika VI.57 anatabiri kwamba hata dola ya namna hiyo, ikishatawala na kutajirika, itaharibiwa na tamaa ya vyeo.

Mwandani_wa_Vitabu:

Shukrani sana wakuu. Ila sasa nimekwama mahali pengine. Kama Aristotle ana viungo viwili na Polybius hakusomwa, Thoma alitoa wapi *vitatu*? Maana katika *Summa*, kitabu chake kikuu cha teolojia, anataja mmoja, wachache na wote.

Kinubi:

Swali zuri, na jibu lake ndilo moyo wa insha yako. Ni sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, swali la 105, kifungu cha 1. Vyanzo ni viwili.

Kwanza, Aristotle wa kitabu cha *pili*, siyo wa nne. Katika 1265b anasema wapo wanaoona katiba bora ni mchanganyiko wa zote, nao wanaisifu Sparta: wafalme ni ufalme, wazee ni oligakia, waefori (wasimamizi wa dola) ni demokrasia kwa kuwa wanatoka kwa watu wa kawaida. Ni maoni ya watu wengine anayoyapitia njiani. Thoma katika kifungu kile anataja waziwazi kitabu cha pili, kwa hoja kwamba wote wakiwa na sehemu katika utawala, amani inadumu na kila mtu anaipenda na kuilinda katiba.

Pili, Biblia, na hii ndiyo inayobeba uzito, kwa sababu kifungu chenyewe kinauliza kama Sheria ya Kale iliweka viongozi ipasavyo. Musa na waliomfuata ni ufalme. Wazee 72 waliochaguliwa kwa wema wao ni aristokrasia, anatumia Kumbukumbu la Torati 1:15. (Hesabu 11 ina 70, pamoja na Eldadi na Medadi waliobaki kambini.) Na kwa kuwa walichukuliwa kutoka katika watu wote, Kutoka 18:21, hiyo ni demokrasia. Aristotle anampa ramani, Musa anampa mfano halisi. Miaka kama thelathini baadaye, karibu na 1302, John wa Paris anachukua hoja hiyo hiyo na kuielekeza kwa Kanisa: lingeongozwa vizuri zaidi kama kila jimbo lingechagua watu wake wa kushiriki utawala chini ya papa. Huyo ndiye mrithi wa Thoma kwenye mada hii.

Marsilius mtoe mwishoni, au mbakize kama mpinzani. *Mtetezi wa Amani*, kilichokamilika tarehe 24 Juni 1324, kina chemchemi moja tu ya sheria: raia wote, au sehemu yao yenye uzito zaidi kwa idadi na kwa hadhi. Serikali inayotoka hapo lazima iwe moja. Vyombo vitatu vinavyokwamishana kwake ni mwanzo wa vurugu.

Dirisha_la_Kusini:

Kuhusu Al-Farabi na Ibn Rushd: usiwachomeke kwenye mstari huo, wao wako kwenye njia nyingine. *Siasa* ya Aristotle haikutafsiriwa kwa Kiarabu enzi hizo. Ibn Rushd (1126–1198) analisema hilo mwanzoni mwa ufafanuzi wake: kitabu hicho hakijatufikia, basi tunafafanua cha Plato, *Jamhuri*. Asili ya Kiarabu ya ufafanuzi huo imepotea. Tunausoma kupitia tafsiri ya Kiebrania ya Samuel ben Judah wa Marseille, ya karne ya 14.

Kwa hiyo tatizo lao si nani amdhibiti nani, ni nani mwenye hekima ya kutosha kutawala. Al-Farabi (alifariki 950) anampa mtawala wa mji bora sifa 12 za kuzaliwa nazo. Anajua fika kwamba mtu wa hivyo ni adimu, basi anashuka ngazi: atosheke mtu mwenye masharti sita, hayupo, wawe wawili, mmoja mwenye hekima na mwingine mwenye yaliyosalia, ikishindikana, yagawanywe kwa kundi la watu wanaoelewana. Hekima ikikosekana kabisa, mji utaangamia hata kama masharti mengine yapo. Watu hukimbilia kuuita huo uongozi wa pamoja kuwa katiba mchanganyiko. Siyo. Ni sifa za mtu mmoja zilizotawanyika kwenye vichwa kadhaa.

Ibn Rushd ukimtaja, mtaje kwa uharibikaji wa tawala. Anauchukua mteremko wa Plato, wa utawala bora unaoharibika hatua kwa hatua, na kuuwekea historia aliyoijua: utawala wa mwanzo wa Waarabu ulifanana na ule bora, kisha ukageuka wa kutafuta heshima enzi za Muawiya, na Wamurabituni, nasaba iliyotawala Andalusia, walianza kwa kufuata sheria na kuishia kwenye starehe ndani ya vizazi vitatu. Hakuna Mlatini wa wakati wake aliyeitumia nadharia hiyo kwa ukali kiasi hicho juu ya watawala wa karibu.

Mzee_wa_Baraza:

Nyongeza. Ukitaka mfano wa vitendo wa kuchanganya uchaguzi na bahati nasibu, tazama alivyochaguliwa doge, mtawala mkuu wa Venice, baada ya 1268. Bahati nasibu inatoa watu 30 kutoka Baraza Kuu, wanapunguzwa kwa bahati nasibu hadi 9. Hao 9 wanachagua 40, wanapunguzwa hadi 12. Hao wanachagua 25, wanabaki 9. Hao 9 wanachagua 45, wanabaki 11. Hao 11 wanachagua 41, na hao 41 ndio wanaomchagua doge, kwa kura zisizopungua 25. Bahati nasibu inavunja makundi ya kula njama, uchaguzi unazuia asiyefaa asipenye. Karibu na 1300, Henry wa Rimini aliisifu Venice waziwazi kama katiba mchanganyiko.

Dirisha_la_Kusini:

Ni kweli, ila weka na mwaka 1297 hapo hapo, Baraza Kuu lilipofungiwa familia chache. Ile hatua ya kwanza ya bahati nasibu inachota watu 30 kutoka kwa wateule tu. Ukimpelekea Aristotle mfano huo, atakwambia ni oligakia inayotumia kifaa cha demokrasia, na Henry hana jibu.

Kinubi:

Hapo nakubaliana nawe. Mwandani, jambo la mwisho la kiufundi: Aristotle mnukuu kwa namba za Bekker (1294b na kadhalika), Polybius na Cicero kwa kitabu na sura. Ukiweka namba ya ukurasa wa tafsiri uliyonayo, msimamizi hataweza kufuatilia, na ataandika tena pembeni.