Mabehewa ya mitumba kwenye reli ya umeme: tatizo ni umri wa behewa au ratiba?

Wadau, tangu yaletwe yale mabehewa ya ghorofa yaliyotumika Ujerumani, SGR (reli mpya ya umeme ya Tanzania) ikitajwa tu utasikia: "Reli mpya, tunapandishwa mitumba!" Mimi naona tunagombea umri wa behewa wakati abiria anakosa tiketi kwa sababu nyingine.

Chukua Mchongoko, ile treni ya umeme inayojiendesha yenyewe, yenye chumba cha dereva kila mwisho: mabehewa nane, viti 589. Ukifika Dodoma, dereva anabeba begi lake, anatembea hadi chumba cha upande wa pili, safari ya Dar inaanza. Treni ya kichwa, yaani mabehewa yanayovutwa na injini, lazima kichwa kikatwe, kizungushwe hadi upande wa pili, kifungwe upya. Viti vinapotea humo, treni ikiwa imelala stesheni. Seti moja ikipiga safari ya ziada kwa siku, ni viti 589 vya bure. Na umeme unachomoa treni haraka, hivyo kusimama Pugu, Soga na Ruvu hakuli muda sana.

Mitumba yenyewe ina masharti. Treni kama Mchongoko ikitolewa Ujerumani haiji kutembea hapa hivihivi: nyaya za umeme za reli yao ni kilovolti 15, zetu 25. Behewa halina shida hiyo, linavutwa tu. Waingereza walibahatika na Class 319, treni za London za mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2015, Liverpool–Manchester ilipowekewa nyaya, zikahamishiwa huko kwa sababu zilishakuwa na vifaa vya kilovolti 25. Palipozoea dizeli ya mabehewa mawili, yakaja manne. Kuukuu, ndiyo, lakini nafasi iliongezeka.

Jibu: Mkuu, hujawahi kupandisha mama mwenye goti bovu na kiroba cha mchele kwenye ghorofa. Ngazi nyembamba, foleni nyuma. Dakika unazookoa Dodoma unazirudisha Morogoro. Halafu spea: behewa likishaachwa kutengenezwa, utakata moja ulishe jingine, mwisho unabaki na nusu. Na sikukuu je? Kichwa unakiongezea behewa, Mchongoko ni nane tu.

Mleta mada: La spea nakubali, hapo umenishika. La sikukuu hapana: michongoko miwili inaweza kufungwa pamoja, ilimradi jukwaa liwe refu. Ghorofa nayo iwekwe safari za moja kwa moja Dar–Dodoma, isisimame njiani, mama apande mara moja tu.

Jibu: Apande Dar. Sisi wa Ngerengere tupande nini?