Bunduki nyepesi inanitia aibu, risasi ya tatu inaelekea Ukerewe

KijanaWaIgoma (mleta uzi):
Wakuu, heshima kwenu. Nina raifo ya .308, leseni ninayo, kwa hiyo tusianzie huko. Ni nyepesi, kilo 2.7 tu. Kwa mita 100 risasi ya kwanza inaingia kwenye duara, ya pili inasogea, ya tatu inapanda juu kulia kiganja kizima. Jumamosi ijayo naingia uwanja wa shabaha na shemeji yangu, na mdomo wa shemeji mnaujua. Nimeshatoa advansi ya darubini mpya. Nichukue yenye nguvu zaidi au tatizo ni namna ninavyoshika? Naombeni ushauri.

SatoMkavu:
Mpelekee sato wawili wabichi, shindano litaisha lenyewe.

MzeeWaKirumba:
Mwanangu, bunduki si fimbo ya kuchungia. JKT afande alikuwa anaweka sarafu juu ya mtutu, bunduki tupu, halafu unavuta kifyatulio. Sarafu ikidondoka, pushapu. Nilipiga pushapu hadi usiku nazihesabu usingizini. Kulikuwa na binti kombania ya pili, sarafu yake haikudondoka hata siku moja. Hiyo ni hadithi nyingine.

DadaBuzuruga:
Mzee hiyo nyingine ndiyo tunayoitaka.

JichoMoja:
Mzee kagusa penyewe. Kifyatulio kikihitaji kuvutwa kwa nguvu ya kilo 2 na bunduki nzima ni kilo 2.7, ukivuta kwa pupa umeivuta bunduki yote. Tumia nyama ya ncha ya kidole, vuta taratibu, na baada ya mlio usiinue kichwa. Bunduki nyepesi inacheza hata na mapigo ya moyo. Mkono wa mbele ushike kwa uthabiti, chini weka kiroba cha mchanga, kiguse mbao, kisiguse mtutu. Wale wa Olimpiki wa mita 10 wanaruhusiwa bunduki ya upepo hadi kilo 5.5, na hawabebi uzito wote huo kwa kupenda mazoezi. Darubini haitakusaidia, itakuonyesha tu kwa ukaribu jinsi unavyokosa.
Ila swali: hiyo .308 ilitoka kiwandani na kilo 2.7?

KijanaWaIgoma:
Asante mkuu. Darubini lakini nimeshalipa nusu.

JichoMoja:
Hujajibu.

KijanaWaIgoma:
Ilikuwa 3.4. Kitako, yaani mbao yote hadi chini ya mtutu, kilikuwa kinene, nikampelekea fundi mmoja wa mitumbwi akikwangue. Jamaa ana miaka 20 kwenye mbao, kazi yake safi, hata mtumbwi wake hauvuji. Sioni inahusianaje.

SatoMkavu:
Fundi wa mitumbwi 😂😂 Je, inaelea?

DadaBuzuruga:
Kaka yangu, yaani ulimwachia fundi wa mbao silaha?

KijanaWaIgoma:
Nilimpelekea mbao peke yake dada. Chuma kilibaki kwenye kabati.

JichoMoja:
Inahusiana sana. Kwanza, risasi ni ileile na bunduki imepungua, kwa hiyo nguvu ya teke imeongezeka zaidi ya robo. Bega limeshajua, unafumba macho kabla ya mlio. Mwambie mtu akupakilie, achanganye risasi bandia za mazoezi bila wewe kujua. Ikiangukia bandia na mtutu ukachovya chini, umejikamata mwenyewe. Pili, mbao iliyokwanguliwa ilipigwa vanishi?

KijanaWaIgoma:
Alisema akishapata vanishi nzuri ataniita.

JichoMoja:
Basi inanyonya unyevu wa ziwa na kupinda. Ikigusa mtutu, mtutu ukipata moto inausukuma pembeni. Ndiyo risasi yako ya tatu hiyo.

Mkerewe_Halisi:
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai ya maziwa. Mwezi uliopita jamaa huyuhuyu alileta uzi yuko Dodoma, anatafuta kazi ya udereva, hana hata nauli. Leo ana raifo na darubini?

KijanaWaIgoma:
Akaunti tunatumia wawili na mdogo wangu.

Mkerewe_Halisi:
Na tangawizi imewekwa.

MzeeWaKirumba:
Hata mimi nilishangaa mtu kukwangua kitako. Vijana wa siku hizi wanatunga.

DadaBuzuruga:
Mzee nawe tuletee picha ya binti wa kombania ya pili.

JichoMoja:
Chai au siyo chai, kipimo ni kimoja. Hakikisha haina risasi, toa magazini, chungulia chemba. Pitisha noti kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele. Inatakiwa iteleze hadi karibu na chemba.

(Saa mbili baadaye)

KijanaWaIgoma:
Noti ya elfu moja imekwama sentimita nne tu kutoka mbele, upande wa kushoto. Nimeivuta imechanika pembe.

Mkerewe_Halisi:
Picha?

KijanaWaIgoma:
Simu iko chaji. JichoMoja, sasa nimwambie fundi akwangue na hapo?

JichoMoja:
Mwache fundi na mitumbwi yake! Peleka kwa fundi wa silaha mwenye leseni, apanue huo mfereji wa mbao mtutu unamolala, kisha aipige mbao vanishi. Jumamosi piga mbili, fungua chemba, subiri mtutu upoe mpaka uweze kuushika, ndipo upige ya tatu.

KijanaWaIgoma:
Shemeji hatasubiri.

SatoMkavu:
Ndiyo maana nilisema sato.

KijanaWaIgoma:
Sato wawili sasa hivi Kirumba ni bei gani?