Mzee ana mailoma, stiki ya mkojo inaonyesha hana protini. Kuna haja ya kukusanya mkojo wa saa 24?

Binti_Kibaigwa
Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuuguza mgonjwa wa saratani ya damu au wanaofanya kazi maabara.

Baba yangu ana mailoma, ile saratani ya seli za plazma kwenye uboho. Anatibiwa Dodoma mjini, sisi tunakaa Kibaigwa. Dawa ameanza, maumivu ya mgongo yamepungua na sasa anatoka mwenyewe hadi barazani. Daktari ameagiza kabla ya kliniki ijayo akusanye mkojo wa saa 24.

Sasa jana alikuwa na homa, tukampima mkojo zahanati kwa ile stiki, protini ikatoka hasi. Mjomba akasema figo ziko safi, ya nini kumsumbua mzee na dumu la mkojo kutwa nzima? Baba mwenyewe ameshaegemea upande wa mjomba. Anaona aibu, maana mimi binti yake ndiye ninayemhudumia. Friji pia hatuna. Je, damu wanayomtoa kila mara haitoshi?

MtuWaMaabara
Pole sana dada. Nianze na stiki, maana hiyo ndiyo inayowapoteza. Stiki hushika zaidi albumini, protini ya kawaida ya damu. Seli za mailoma zinatoa kitu kingine: vipande vya kingamwili tunavyoviita minyororo myepesi, kappa au lamda. Ni vidogo, vinapenya chujio la figo na kutoka na mkojo. Mkojo unaweza kujaa protini hiyo na stiki ikabaki njano vile vile. Kwenye karatasi ya vipimo huenda ukaona jina Bence Jones. Ni daktari wa London aliyeieleza protini hii miaka ya 1840.

Sisi tunaitenganisha kwa umeme, elektroforesisi, tujue imetoka kiasi gani kwa siku nzima. Tunapima kiwango kwenye sampuli, tunazidisha na ujazo wote. Kwa hiyo mkojo wa mara moja tu ukipotea, hesabu inashuka, na daktari anaweza kudhani dawa inafanya kazi kumbe sivyo. Vigezo vinavyotumika kimataifa viko wazi: mgonjwa ambaye mkojo wake ulikuwa na protini hii anahesabiwa ameitikia tiba kwa sehemu ikiwa imepungua kwa angalau asilimia 90, au imeshuka chini ya miligramu 200 kwa saa 24. Na protini ya mailoma iliyo kwenye damu iwe imepungua walau nusu.

Kuhusu damu, wagonjwa hawafanani. Wapo ambao ugonjwa wao unaonekana vizuri kwenye damu, wapo ambao umejificha kwenye mkojo. Kipo kipimo cha damu cha minyororo myepesi huru na kinasaidia sana, ila uamuzi wa kama kinamtosha baba mwachieni daktari.

Mama_Nkuhungu
Mbukwenyi! Binti yangu, nilimuuguza mume wangu na ugonjwa huo huo. Usitumie dumu la mafuta ya kula hata ulisugue vipi, chukua chombo cha maabara. Akiamka saa 12 asubuhi, mkojo wa kwanza aumwage chooni, wewe andika saa. Kuanzia hapo wote uingie kwenye chombo mchana na usiku, mpaka saa 12 ya kesho yake, na ule wa kuamkia unaingia. Panapoharibika ni kwenye haja kubwa, mkojo unaponyoka shimoni. Aanze na kopo, ndipo achuchumae. Ukimwagika, waambieni maabara mrudie siku nyingine.

Baridi: chombo ndani ya ndoo yenye kifuniko, barafu pembeni, kivulini, na muiongeze kila ikiyeyuka. Ila ningekuwa wewe ningemleta mjini kwa ndugu mwenye friji akusanyie huku, kuliko mkojo kupigwa jua kwenye basi.

Na aibu ya mzee iheshimu. Mpe mjukuu wa kiume au mdogo wake kazi hiyo, chombo kikae kwenye mfuko mweusi. Mume wangu naye aligoma. Alilegea daktari alipomwekea karatasi mbili mezani, ya kabla ya dawa na ya baadaye, akaweka kidole kwenye namba moja, kisha nyingine. Hakuna aliyembembeleza tena.

Chilonwa_Juu
Si apeleke tu mkojo wa asubuhi? Kina mama wajawazito wanapima hivyo hivyo.

MtuWaMaabara
Mkuu, huo unaweza kuonyesha protini ipo. Kiasi cha siku nzima hauwezi kukupa kwa uhakika, maana mkojo wa asubuhi huwa mzito na wa mchana mwepesi, kutegemea alivyokunywa maji.

Dada, kuna jambo limepita haraka hapo juu. Umesema jana alikuwa na homa. Mgonjwa wa mailoma aliye kwenye dawa kinga yake iko chini, homa kwake si ya kusubiri kliniki. Bado ipo? Na anameza nini kwa maumivu?

Binti_Kibaigwa
Asanteni sana, nimemsomea baba yote. Mdogo wake amekubali kumsimamia. Homa imerudi jioni hii. Kwa maumivu tulimnunulia diklofenaki duka la dawa.

MtuWaMaabara
Diklofenaki simamisheni, inaumiza figo na mailoma tayari inazilemea. Mkojo wa saa 24 utasubiri. Tafuteni usafiri usiku huu mumpeleke hospitali, mkifika tu semeni ni mgonjwa wa mailoma ana homa, na mbebe dawa zake zote na kadi ya kliniki.