Mvua ikianza mwili wangu unakataa kabisa, mnafanyaje?

Mkaazi_Zimma

Habari zenu wapendwa. Naomba kuuliza kitu kimenisumbua tangu hii mvua ianze. Nakaa Zimmerman hapa Nairobi, ghorofa ya nne, dirisha langu limeangaliana na ukuta wa ploti ya jirani so hata siku ya jua huwa nawasha taa saa nne asubuhi. Sasa wiki tatu hizi usiku inanyesha, asubuhi kumefunga mawingu, na mimi kuamka imekuwa vita. Sio eti naumwa. Homa sina, kichwa hakiumi, chakula nakula, tena nakula sana, nikimaliza chai na chapati bado natafuta mandazi. Lakini mwili ni mzito kama gunia la mchanga limenyeshewa. Simu inalia saa kumi na moja na nusu nazima, inalia tena nazima, nikija kushtuka ni saa moja kasoro na kule stage watu wamejaa na nauli imeshapandishwa juu mvua imenyesha. Nafika kazini suruali imelowa hadi kwa magoti, na hizo soksi maji nakaa nazo mpaka saa kumi jioni. Nikirudi nataka kitanda tu. Nguo nilifua Jumamosi, leo Jumatano bado ziko na unyevu na zimeanza kunuka.

Kinachoniuma zaidi ni vile nimeanza kujiona mvivu. Mama yangu hakuwahi kushindwa na mvua, alikuwa anajifunika gunia kichwani anaenda shamba na sisi tukiwa bado tumelala. Sitafuti dawa na sina pesa ya vitu vya bei. Nataka vitu vidogo vya mtu kujitunza mwenyewe kwa nyumba. Niambieni kile mnafanya kweli, sio kile mmesikia.

MamaPacha_Umoja

Pole sana mamaa. Hujakuwa mvivu, hiyo itoe kwa kichwa kabisa.

Mimi naanzia kwa miguu. Nilikaa miaka mingi nikishinda na soksi zimelowa kama wewe na jioni nilikuwa nafika sina nguvu hata ya kuongea na watoto. Sasa asubuhi kabla sijatoka nachemsha maji najaza themosi, beseni naiacha pale mlangoni na kitambaa juu yake. Nikifika jioni sipiti. Navua viatu hapo hapo, namwaga maji ya themosi, naongeza baridi kidogo hadi mkono ukubali, natia chumvi, naketi kwa stuli natumbukiza miguu. Dakika kumi. Watoto wanajua hizo dakika ni zangu, mmoja siku hizi huwa ananiletea kitambaa bila kuambiwa. Halafu nakausha vizuri katikati ya vidole (hapo ndipo watu huruka na ndio maana ngozi inaoza na kuwasha), napaka mafuta ya mgando, navaa soksi nzito za mtumba. Nikisimama naskia kama nimerudishiwa mwili wangu.

Na usikae na soksi maji mchana kutwa tafadhali. Beba zingine kavu kwa mkebe wa siagi ule wa plastiki unaofunga vizuri, juu karatasi za plastiki zilipigwa marufuku tangu 2017 na mfuko wa kitambaa unapitisha maji. Ukivaa ndara ama gumbuti barabarani na viatu ukabadilisha ukifika, utaona hiyo siku inakwenda tofauti.

Nguo nazo, fua chache chache. Ukishakamua, ikunje ndani ya taulo kavu uikanyage kwa miguu, taulo inanyonya maji mengi sana. Kisha utundike mahali upepo unapita, sio chumba cha kulala kimefungwa madirisha, utalala kwa ukungu na uamke umeziba pua.

Boda_Kayole

Uji wa wimbi. Moto, kabla mguu haujatoka nje, na limau ndani. Mi niko barabarani saa kumi na mbili mvua inyeshe isinyeshe na siku nimekosa uji najua kufika saa nne nimeisha. Chai na mandazi inakudanganya tu, saa moja iko sawa halafu unaanguka.

Nesi_wa_Zamu

Nitaandika ndefu kidogo mnisamehe, hili jambo naliona sana kazini kila msimu wa mvua na watu wengi wanakuja wamejilaumu kama dada hapa.

Nairobi tuko karibu sana na ikweta. Siku yetu haifupiki kama kule Ulaya wakati wa baridi, mwaka mzima tuko na karibu saa 12 za mchana. So kinachopotea mvua ikija sio masaa ya mchana, ni nguvu ya mwanga. Na mwili unajua kumekucha kwa kuona mwanga kwa macho, ndio ubongo unapunguza ile homoni ya usingizi, melatonini, na kukuamsha vizuri. Sasa jiangalie: unaamka kwa chumba dirisha limeziba na ukuta, unatoka bado kuna kigiza, unaingia matatu vioo vimejaa mvuke, unaingia ofisi ya taa. Jioni unarudi giza. Macho yako hayajaona mchana hata dakika thelathini.

Halafu umemtaja mama. Mama yako alikuwa nje shambani tangu kukipambazuka, amezungukwa na mwanga, anatembea, na usiku nadhani saa tatu taa ilikuwa imezimwa. Hakuwa na nguvu za ajabu kukuzidi. Siku yake ilikuwa na mwanga, yako haina.

Kwa hivyo jaribu hivi. Ukiamka usishike simu, shika kikombe, panda juu kule mnaanikia nguo, ama simama kwa korido iliyo wazi, dakika 20. Hata kama mawingu ni meusi, nje kuna mwanga mara nyingi kushinda ndani na balbu imewaka. Sio lazima ufanye mazoezi, simama tu unywe chai yako uangalie watu wakienda kazi. Saa ya lanchi toka tena hata kama ni kuzunguka jengo na mwavuli. Na usiku simu iwekwe mbali na kitanda.

Kitu kingine ni hiyo chai ya maziwa. Usiinywe pamoja na chakula chenye mboga, majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Ngoja kama saa moja hivi. Sukuma na ndengu ukamulie limau ama ule na chungwa, inasaidia hayo madini kuingia. Wanawake wengi wanaosema wamechoka tukiwapima wanapatikana damu iko chini, na wameenda miezi wakifikiria ni baridi.

Na jamani msilale na jiko la makaa ndani ya nyumba. Nasema hili kwa uchungu. Ile hewa ya makaa haina harufu, unaskia joto tamu na usingizi mzito, na watu hawaamki. Kama unataka joto kwa kitanda tumia chupa ya maji moto ukiizungushia leso.

Mwisho kwangu: ukiona uzito umeendelea hata jua likirudi, ama wiki mbili zimepita karibu kila siku huna raha na kitu chochote, unalia, ama unawaza heri usingekuwepo, nenda hospitali uongee na mtu. Na kama ulisafiri juzi upande wa Kisumu ama Pwani na uchovu umekuja na joto la mwili, pimwa malaria siku hiyo hiyo.

Kamaa_wa_Roysa

Mi naona dawa ni kuamka saa kumi alfajiri uruke kamba dakika 30 uoge maji baridi. Wiki moja tu mwili unazoea.

MamaPacha_Umoja

Kaka yangu inaweza kukufaa wewe na nafurahi kama inakufaa, lakini mtu ameshindwa kuamka saa kumi na moja na nusu ukimwambia saa kumi na maji ya baridi unamwongezea deni. Akishindwa siku ya pili atajiona mbaya zaidi. Mpeni kitu anachoweza leo.

Mkaazi_Zimma

Nimerudi kuwaambia, ni siku nane sasa. Kupanda juu nimefanya siku sita, mbili mvua ilikuwa inapiga kando nikasimama kwa ngazi penye kuna uwazi. Siku ya kwanza niliskia ni kupoteza wakati. Siku ya nne nikiwa huko juu na kikombe, kamba zote hazina nguo, nikaskia harufu ya udongo na kuna mzee wa ploti ya pili anamwagilia sukuma zake za kwa mkebe mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, nikajikuta nacheka peke yangu, kitu sijafanya mwezi mzima. Kuamka bado ni kugumu, nisiwadanganye, lakini nikishaamka sirudi kitandani. Miguu nayo mama pacha Mungu akubariki. Nesi, Jumamosi naenda kupimwa damu, nimegundua hata ngazi zinanitoa pumzi na sikuwa nimeweka hayo mambo pamoja.

Swali moja, hiyo chumvi ya kwa beseni ni ile ya mawe ama?

MamaPacha_Umoja

Hata ya kupikia, kijiko kimoja kikubwa. Na ukikosa weka miguu hivyo hivyo, kazi yote ni ya maji moto. Utuambie ya Jumamosi.