Mjadala: Je, ruzuku ya mbolea iwe na ukomo kwa kila kaya?

Mchangiaji aliyenitangulia, ndugu yetu wa Nzega, hapa mkoani Tabora, anatetea ruzuku inayotolewa kwa kila ekari bila ukomo, na ameutaja mfano wa Marekani wakati wa UVIKO-19, ambako serikali iliwalipa wakulima kwa kadiri ya mazao na mifugo yao. Mimi napinga, na naanza na mfano huohuo.

Aprili 2020 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza msaada wa dola bilioni 19, na kati ya hizo bilioni 16 zilikuwa malipo ya moja kwa moja kwa wakulima na wafugaji. Ukomo uliwekwa, lakini ulikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja, kiwango ambacho mwenye shamba dogo hawezi hata kukikaribia. Kwa kuwa malipo yalifuata wingi wa mali, aliyekuwa na kingi ndiye aliyepata kingi, ingawa janga liliwapiga wote.

Sisi Tanzania tulipoanza ruzuku ya mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia (DAP) au ya kukuzia (urea) ulishuka kutoka zaidi ya shilingi 120,000 hadi 70,000. Ilikuwa nafuu kubwa na naishukuru serikali kwa dhati. Hata hivyo, mkulima wa mahindi wa Sikonge au Uyui aliyetaka mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia bado alitakiwa kuwa na shilingi 140,000 mkononi mvua zilipoanza, kabla ya nauli ya kumfikia wakala. Mwenzake wa tumbaku hukopeshwa pembejeo kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na kukatwa deni anapouza sokoni. Wa mahindi mara nyingi hana pa kukopa. Matokeo yake tunayaona kila Desemba: mama anakwenda kufanya kibarua cha palizi kwenye shamba la jirani lenye mahindi ya kijani kibichi, yaliyostawi kwa mbolea ya ruzuku, huku ya kwake yakigeuka manjano kwenye mchanga wetu huu usioshika rutuba. Hilo linaniuma, kwa sababu kodi iliyochangia mfuko ule ni ya wote wawili.

Najua nitajibiwa kwamba ukomo tuliwahi kuujaribu, katika mpango wa vocha ulioanza mwaka 2008, ambapo kila kaya iliyochaguliwa ilipewa mbolea na mbegu za ekari moja, na kaya zinazoongozwa na wanawake zikapewa kipaumbele. Ni kweli kwamba wapo waliosaini vocha, wakapokea fedha kidogo, na mbolea ikabaki dukani kwa wakala. Lakini tutazame sababu yake: vocha ilibeba takribani nusu ya bei, na nusu iliyobaki mkulima maskini hakuwa nayo. Kilichoangusha mpango pale ni fedha ya kuongezea, wala si ukomo.

Kwa hiyo napendekeza kila kaya iliyosajiliwa ipate kwanza mbolea ya ekari mbili kwa ruzuku kamili, na inayozidi hapo inunuliwe kwa ruzuku ndogo zaidi. AMCOS nazo ziruhusiwe kukopesha mbolea ya mahindi na kulipwa wakati wa mavuno. Sisahau uchungu wa kudhaminiana kwenye tumbaku, ambako mwanachama mwaminifu hukatwa kwa deni la mwingine, na ndiyo maana mkopo huu uwe wa mtu binafsi. Kuhusu hofu kwamba wenye mashamba makubwa watasajili watoto wao kama kaya, orodha isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, maana kijijini tunajuana.

Ndugu yangu wa Nzega amesema mwenye ekari hamsini ndiye anayelisha mji. Sikatai. Namwomba atueleze kwa nini mtu huyo, ambaye benki humkopesha kwa dhamana ya shamba lake, asisubiri nyuma ya yule asiyekopesheka popote.